Mtoto anasahau sana, ni dawa au virusi?

Wakuu habari za jioni, niko Nkuhungu hapa Dodoma, nalea mtoto wa marehemu dada angu, kazaliwa na VVU, ana miaka 9 yuko la tatu. Dawa anakunywa vizuri tu ila ukimtuma dukani vitu vitatu anarudi na kimoja, na hesabu za kukopa zinamtoa machozi. Mwalimu anasema mzembe. Ni dawa zinamchosha akili au?

mama_zabibu: Pole mdogo wangu. Usije ukamkatishia dawa! Virusi vyenyewe vinaingia kwenye ubongo mapema, mtoto akichelewa kuanza ARV (hizo dawa za VVU) ndo vinaharibu. Alianza lini?

Muuliza: Na miaka 3 dada, marehemu alificha.

fundi_baiskeli: Wa kwangu nae hivohivo, kumbe sikio moja halisikii, lilitoka usaha tangu mdogo. Kampimishe masikio na macho kwanza.

mama_zabibu: Na siku ya CTC (kliniki ya VVU) ulizia wingi wa virusi, alafu waambie na hili la kusahau, usichukue tu dawa ukasepa. Nyumbani mtume kitu kimoja kimoja. Mwalimu si lazima ajue hali yake, mwambie tu anahitaji kurudiwa taratibu. Mzembe kitu gani bana!