Mwanangu kanogewa na Mario ya zamani, ila kwenye flati skrini anaruka kwa kuchelewa. Msaada wakuu

KandaMoja:
Wakuu, habari za jioni. Nilikwenda kusalimia nyumbani Tanga, nikarudi na gemu langu la utotoni, ile kopi ya Kichina ya Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo) tuliyokuwa tukiichomeka kwenye TV ya chogo. Mwanangu ana miaka tisa na simu imejaa magemu ya kila aina, nikajua ataigusa dakika tano aiache. Sasa kila akitoka madrasa anaulizia Mario. Juzi alitumbukia kwenye shimo lilelile la hatua ya kwanza mara kumi na moja, nilihesabu, na kila akifa anajisemea, "nimeruka mapema". Anaanza upya.

Shida ni kwamba kwenye flati skrini akibonyeza, Mario anachelewa kidogo kuruka. Kanda nyingine ya gemu haisomi mpaka niipulize. Na bunduki ya lile gemu la kuwinda bata haipigi hata mmoja. Nifanyeje, au nimwekee tu kwenye simu? Naogopa hamu yake isife kwa sababu ya vifaa.

FundiChogo:
Mkuu, kwa bunduki usijisumbue. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe, na bunduki inausoma ule mwanga papo hapo. Flati skrini inachelewesha picha, kwa hiyo mwanga unafika wakati bunduki imeshamaliza kusoma. Kuchelewa kwa Mario nako kunatokana na hilohilo: TV inatumia muda kuikuza picha ndogo ya nukta 256 kwa 240. Ingia kwenye mipangilio ya TV, washa modi ya gemu. Itapunguza, haitamaliza. Dawa kamili ni TV ya chogo, na mafundi wengi bado wanazo zimekaa tu.

Kanda acha kupuliza, unyevu wa pumzi unaleta kutu kwenye zile shaba. Pamba ya masikio, spiriti kidogo, futa, iache ikauke kabisa.

BintiPangani:
Simu hapana, kaka. Kioo hakina kitufe cha kupapasa, kidole kinateleza na mtoto anakufa bila kosa lake. Hapo ndipo hamu inapokufa! Ukilazimika, tafuta padi ya blutuzi, ile ya kushika yenye vitufe.

Mwonyeshe na hili: mawingu na vichaka vya Mario ni mchoro mmoja, rangi tu ndiyo imebadilishwa. Gemu zima la 1985 ni kilobaiti 40, hata picha moja ya simu yako inazidi. Miyamoto, mbunifu wa Mario, na wenzake wa Nintendo hawakuwa na nafasi ya kupoteza, ndiyo maana mchoro mmoja unatumika mara mbili. Shimo unaliona kabla hujalifikia. Mwanao anajua kwa nini amekufa.

MzeeWaPadi:
Na wanaosema magemu ya zamani yanapendwa kwa kumbukumbu za utoto tu wanakosea, huyo mtoto hana kumbukumbu yoyote ya mashine hiyo. Stardew Valley, gemu la shamba, ilitoka 2016 kwa michoro ya vinukta ya namna hiihii, kaitengeneza Eric Barone peke yake, na watu wanaicheza hadi leo.

Ukipata chogo, chomeka padi ya pili mcheze Contra, gemu la risasi, wawili. Ile fomula ya vitufe inayokupa maisha 30 usimpe kwanza.

KandaMoja:
Ahsanteni sana. Modi ya gemu imesaidia, leo kavuka shimo, kaniita jikoni nikaone. Kesho nafuata chogo kwa fundi. Sasa kitufe cha kurukia kinagoma mpaka ukikandamize kwa nguvu, raba ya ndani inabadilishwa au inasafishwa?

FundiChogo:
Fungua padi, anza kwa kufuta ile sehemu nyeusi chini ya raba na spiriti. Ikigoma bado, hamishia raba ya padi nyingine.