Kampeni ya kiti changu imekataliwa, nimekosea wapi?

FundiKiti:
Habari zenu wakuu. Nimebuni kiti kifupi cha mbao kwa wanaoshinda kwenye kompyuta. Juzi nikapeleka kampeni kwenye jukwaa moja la kuchangisha fedha, ikarudi na jibu la mstari mmoja: haikidhi masharti. Niliandika kwamba kiti kinatibu maumivu ya mgongo. Nikaweka picha nne safi sana alizonichorea rafiki kwa kompyuta (kiti chenyewe bado hakina mguu mmoja). Nikaahidi asilimia 10 ya michango iende kwa yatima, na kila mchangiaji aingie kwenye bahati nasibu ya kujishindia kiti. Nahisi ni yatima ndio walioniponza, ila hilo si jambo jema jamani?

BibiKadi:
Pole, fundi. Ni vyote vinne.

Hukutaja jukwaa, basi nitaongelea Kickstarter, maana masharti yao nimeyasoma mpaka macho yakauma nilipochangisha kwa ajili ya kadi zangu za kuchezea. Pale kitu kinachodaiwa kutibu au kuzuia ugonjwa hakipiti. Bahati nasibu nayo marufuku. Kuhusu yatima, hakuna anayekataa wema wako, ila pale watu wanachangia kitu kitengenezwe, si sadaka. Huruhusiwi kuahidi kwamba sehemu ya michango itakwenda kwa wahitaji. Mimi nilitaka kuwagawia wachangiaji faida ya mauzo, nikakuta nalo limekatazwa. Nikabaki na zawadi moja: pakiti ya kadi.

Sasa picha. Hapo ndipo ningekukatalia hata mimi. Tangu 2012 hawataki michoro ya kompyuta inayomfanya mtu aamini kitu kipo tayari. Wanataka waone sampuli yako ilivyo leo, na hiyo miguu yake mitatu.

Mpitanjia77:
Unajisumbua. Nenda GoFundMe, kule mtu anachangiwa hata ada ya shule.

BibiKadi:
@Mpitanjia77 kule hasa ni kwa mwenye shida: mgonjwa, msiba, ada kama ulivyosema. Huyu ana bidhaa. Na bahati nasibu hata kule hawaitaki.

FundiKiti:
Nashukuru dada, ingawa umenichoma. Hivi masharti yote haya ya nini? Si mchangiaji anaamua mwenyewe pesa yake?

BibiKadi:
Anaamua kwa ulichomwambia. Mwaka 2015 FTC, mamlaka ya Marekani inayolinda walaji, ilimchukulia hatua mtu aliyekusanya zaidi ya dola 122,000 za kutengeneza mchezo wa mezani. Mradi akausitisha, na mamlaka ikadai kwamba fedha nyingi alizitumia kwa mambo yake, kodi ya nyumba ikiwemo. Ikadai pia kwamba wengi waliochangia hakuwapa mchezo wala kuwarudishia pesa. Nami natengeneza michezo, kwa hiyo kila nikiomba mchango kuna anayeniuliza kama nitakimbia.

Halafu angalia lengo lako. Kickstarter ni yote au hakuna: usipofikia kiasi ulichotaja ndani ya muda uliouweka, usiozidi siku 60, hakuna anayekatwa hata senti na wewe hupati kitu. Ukifikia, wao wanachukua asilimia 5, na ada ya malipo iko mbali na hiyo. Mimi gharama ya posta niliisahau kabisa. Nilituma kadi huku nalia.

FundiKiti:
Nimeandika upya: "Kiti kifupi cha mbao, kinainamishwa mbele kwa pembe tatu tofauti. Hii ni sampuli ya pili. Ya kwanza ilipasuka." Yatima nitawapa kutoka mfukoni mwangu, kimyakimya.

BibiKadi:
Hiyo ya kupasuka iache hapohapo, usiifute. Na mguu?

FundiKiti:
Naunga kesho. Gundi ninayo.

BibiKadi:
Gundi tu? Fundi, weka na skrubu.