Boila inavuja, sioni inapovujia

Wakuu habari zenu, naomba ushauri. Boila yangu ya kupasha nyumba joto, ya gesi, inapoteza presha. Naijaza maji hadi presha ya baa 1.3 ikiwa baridi; baada ya siku mbili tatu geji inasoma 0.6. Ikishapata moto inapanda hadi karibu 2.8, na hapo ndipo ninapoingiwa na shaka. Matone yanadondoka chini yake, ila si wakati wote. Asubuhi, kabla haijawashwa, nakuta sakafu kavu kabisa.

Nimefuta mabomba yote, nikazungushia karatasi ya chooni kwenye kila kiungio. Zote zilibaki kavu. Kiungio kimoja cha bomba la kurudishia maji kina ukoko wa kijani, nadhani ni wa zamani. Valvu za radieta, vile vipasha joto vya vyumbani, nazo ziko sawa. Kifuniko cha boila sijakifungua, gesi sichezei.

Sasa nauliza: nikining'iniza mfuko kwenye mdomo wa bomba la valvu ya usalama (ile inayoachia maji presha ikizidi), bomba lile linalotoka nje, nikakuta maji, ina maana tangi la upanuzi (lenye hewa ya kupokea maji yanapotanuka kwa joto) limeishiwa hewa, au valvu yenyewe imechoka? Na huo ukoko niupuuze?