Tekken 7, Mortal Kombat 11 au Street Fighter 6? Nina laki moja tu

Teke la Kigogo
Habari zenu wakuu. Mwisho wa mwezi huu nataka kuchukua gemu moja ya kupigana, moja tu, bajeti laki. Kichwani nimebaki na tatu: Tekken 7, Mortal Kombat 11 na Street Fighter 6. Mimi si mtu wa mpira wala magari. Nimekulia kibandaumiza, muvi za mateke ndiyo ulevi wangu. The 36th Chamber of Shaolin ya 1978 naijua tukio kwa tukio, na Drunken Master niliirudia mpaka mama akaificha kanda. Nataka gemu itakayonipa ladha ile ile. Wajuzi mnasemaje? Matusi hapana.

Ngoja Waje
Nimekaa hapa na kahawa yangu, nawasubiri wataalamu.

Fundi Analogi
Mleta mada umeleta nusu swali. Unachezea nini, PS4, PS5 au kompyuta? Unacheza peke yako au mna genge? Intaneti yako ni ya uhakika au ni bando la kuungaunga? Hiyo laki ni ya gemu tupu, au na pedi ya pili imo humo humo? Gemu ya kupigana bila pedi ya pili ni kununua bao bila kete. Jibu kwanza ndipo tukusaidie.

Binti wa Pangani
Na nyumbani kuna watoto? Maana Mortal Kombat siyo mchezo wa sebuleni. Mimi mwanangu wa miaka sita aliamka usiku akaingia akanikuta namng'oa mtu uti wa mgongo. Wiki nzima alikuwa ananiangalia kwa jicho la upande. Na msiniite mshamba, ile ya kwanza ya 1992 ni moja ya gemu zilizowafanya Wamarekani waunde bodi ya kupanga umri wa gemu mwaka 1994.

Steringi Hafi
Tekken, uzi ufungwe. Mtu wa muvi za mateke anaulizaje hilo? Marshall Law ni Bruce Lee mtupu, kuanzia kelele mpaka lile teke la kujipindua kinyumenyume. Lei Wulong ni Jackie Chan, polisi wa Hong Kong anayepigana kilevi na kujilaza chini kama maiti halafu anakuamkia na kisigino. Hwoarang anakupa taekwondo, Eddy anakupa kapoera.

Halafu angalia kamera. Inakaa pembeni, unaona mwili mzima kuanzia unyayo hadi unywele, kama Wahongkong walivyokuwa wakipiga picha zao. Muvi za siku hizi ngumi moja inakatwa mara sita, hujui nani kampiga nani, unasikia tu sauti.

Fundi Analogi
Steringi, huyo Lei unayemnadi hayumo kwenye diski ya Tekken 7. Aliongezwa Septemba 2018 na ananunuliwa pembeni. Usimdanganye kijana, atamtafuta Jackie Chan humo mpaka alfajiri.

Steringi Hafi
Law yumo. Inatosha.

Fundi Analogi
Haitoshi. Tekken ukikutana na anayeijua, unarushwa hewani unakaa huko kama nguo kwenye kamba, unasubiri kushuka ufe. Mimi nasema Street Fighter 6. Imetoka Juni 2023 na bado wameitoa kwa PS4, tofauti na Tekken 8 na Mortal Kombat mpya ya mwaka huo huo ambazo PS4 hazikuikumbuka. Ina namna rahisi ya vitufe, hulazimiki kuzungusha kidole robo duara ndipo moto utoke. Kuna Jamie, anakunywa katikati ya pambano na kila akinywa mapigo yanaongezeka. Huyo ndiye mlevi wako wa Drunken Master.

Na kuna sehemu inaitwa World Tour: unaunda mtu wako, hajui lolote, unazunguka mjini kutafuta walimu wakufundishe. Mleta mada umesema unapenda 36th Chamber. Muvi ile mapambano siyo utamu wake. Utamu ni mafunzo, steringi San Te anabeba ndoo za maji na visu vimefungwa mikononi, akishusha mikono anajichoma mbavu. Kati ya hizo tatu, ni hii tu inayokufanya uwe mwanafunzi kwanza.

Msee wa Kayole
Wadau wa Bongo, nawasalimu kutoka Nairobi. Naona MK inaonewa hapa. Johnny Cage alibuniwa kwa kumtazama Van Damme. Kama ulilelewa na Bloodsport ya 1988 huku DJ Afro akikutangazia kila ngumi, Mortal Kombat ni nyumbani. Shang Tsung wa MK11 wamempa sura na sauti ya Cary-Hiroyuki Tagawa, yule yule aliyemcheza kwenye muvi ya 1995. Ukiinunua gemu bila yeye umeachwa, tafuta ile inayoitwa Ultimate ambayo wahusika wote wamo. Nakubali ina ujinga mmoja: sehemu nyingi za kufungulia zawadi zinataka intaneti hata ukiwa unacheza peke yako chumbani. Hiyo ilinikera sana.

Binti wa Pangani
Sisi mtangazaji wetu wa muvi alikuwa Lufufu bwana. Kwa Lufufu hata adui alikuwa na jina la mtaani na deni la kodi ya nyumba.

Msee wa Kayole
Lufufu namheshimu, lakini Afro ni Afro.

Teke la Kigogo
Wakuu samahani, nilikuwa kazini. Ni PS4 Slim, niliichukua kwa mtu mtaani. Wadogo zangu wawili huja kila wikiendi, pedi ninazo mbili, moja analogi yake inajiendea kushoto. Watoto sina. Intaneti ni ya simu.

Kuna kitu sikukisema. Mashine haisomi diski. Inavuta, inaguna, inatema. Ila nimepata jamaa ananiwekea Tekken 7 kupitia akaunti yake kwa elfu 30, anasema nitacheza maisha. Ndiyo maana nikaona laki inatosha na chenji inabaki.

Fundi Analogi
Yaani muda wote huu tunabishana diski, kumbe mashine yako inatapika diski! Mleta mada una dhambi.

Mzee wa Mbagala
Kijana, kabla hujatuma hiyo elfu 30 nisome mpaka mwisho.

Nilikuwa na kibanda cha gemu, tivii nne, mashine nne. Biashara ilikuwa mpira, lakini Ijumaa usiku niliwaachia vijana wa mateke. Ukipigwa unaachia pedi, aliyeshinda anabaki. Sheria ilikuwa moja, Eddy haruhusiwi, maana kila mgeni akimshika anabonyeza teke teke teke na mtu aliyefanya mazoezi miezi sita anaaibika mbele ya watu.

Nikatafuta Tekken 7. Nikaletewa kijana, mpole, ana maneno ya hekima, akanambia mzee wangu diski za nini, zinakwaruzika. Akaingiza akaunti yake kwenye mashine mbili, kila moja elfu 40. Nikamlipa kwa simu. Gemu ikashuka usiku kucha, bando langu likaenda na maji, asubuhi mambo safi. Wiki ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikamsifia kwa majirani, wawili wakamwita.

Nikaandaa shindano. Kiingilio buku mbili, mshindi anapata elfu 50 na soda. Jumamosi saa kumi kibanda kimejaa, wengine wamesimama dirishani. Nawasha mashine ya kwanza, kwenye picha ya gemu kuna kufuli dogo. Nabonyeza, inaniambia sina haki ya kutumia. Ya pili, kufuli. Nampigia kijana, hapatikani. Nikajua baadaye kwamba mwenye akaunti anaweza kuingia kwenye tovuti, akabonyeza mara moja, na mashine zote alizowahi kuziruhusu zikafutwa. Alikuwa ameshatuuzia watu wengi akaunti ile ile, nafasi zikajaa, akatufuta sisi wa zamani auze upya.

Watu thelathini wanataka viingilio vyao. Nilirudisha vya wote, na mmoja ambaye hakuwahi kulipa naye nikamrudishia, maana alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Tukaishia kucheza Tekken 5 kwenye PS2 ya mwanangu, ambayo bahati nzuri ndani yake kuna Tekken tatu za mwanzo za mashine za kumbi. Fainali ilichezwa kwa Tekken 3, na aliyeshinda alimtumia Eddy. Sikuwa na nguvu ya kukataza.

Kwa hiyo nunua kwa akaunti yako mwenyewe, au tengeneza mashine. Ya tatu hakuna.

Ngoja Waje
Mzee pole. Ila Eddy kuchukua ubingwa nimecheka mpaka kahawa imenitoka puani.

Steringi Hafi
Wanaomlaani Eddy hawakujifunza kumkinga chini. Mwaka 2019 Arslan Ash alitoka Pakistan akachukua EVO, lile shindano kubwa la gemu za kupigana, ya Japani na ya Marekani, zote Tekken 7, mwaka mmoja. Wale wanaocheza kwao hawakulalamika kuhusu vitufe. Walifanya mazoezi.

Fundi Analogi
Tusitoke nje ya mada. Mleta mada, kuguna halafu kutema mara nyingi ni vumbi au mpira wa kuvutia diski umechakaa, si lazima lenzi imekufa. Peleka kwa fundi aifungue mbele yako. Ikiwa ni usafi tu, ela yako inabaki na diski ya mtumba unapata. Ikiwa ni lenzi, laki imeisha na gemu huna.

Binti wa Pangani
Mbona hakuna anayetaja Sifu? Imetengenezwa na Wafaransa, 2022, PS4 ipo. Ni kung fu ya pak mei. Unaanza na miaka 20 unawasaka waliomuua baba yako, na kila ukifa unaamka umezeeka. Ukifa tena unazeeka zaidi, nguvu za kupiga zinaongezeka ila uhai unapungua. Kiti kikiwa sakafuni unakipiga teke kinamfuata adui magotini. Chupa, ufagio, chochote. Hiyo ni Jackie Chan kuliko huyo Lei wenu wa kununua pembeni.

Fundi Analogi
Sifu ni ya mtu mmoja. Wadogo zake wawili watafanya nini, watamshikia miwani akizeeka?

Binti wa Pangani
Wapokezane. Ukifa unaachia pedi, kama kwa Mzee.

Msee wa Kayole
Mimi naongeza Sleeping Dogs, ya 2012, PS4 iliwekwa upya 2014. Uko Hong Kong, askari ndani ya genge, unamsukuma mtu kichwa ndani ya feni. Mtumba inauzwa bei ya chipsi.

Steringi Hafi
Jackie Chan, Jackie Chan. Jackie ni mchekeshaji. Bruce Lee ndiye steringi. Kuanzia 1971 mpaka alipofariki Julai 1973 akiwa na miaka 32, muvi nne alizozimaliza, na dunia nzima ikaanza kupiga kelele ya paka. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa yeye yuko kaburini.

Binti wa Pangani
Mchekeshaji? Kwenye Police Story ya 1985 aliruka akashika nguzo ya chuma iliyozungushiwa taa, akateremka nayo ghorofa kadhaa ndani ya duka kubwa, viganja vikaungua. Bruce hukumwona akiumia. Jackie akipiga ngumi anapuliza mkono wake, kwa sababu mifupa inauma. Mimi nilipokuwa mdogo ndicho kilichonifanya niamini kwamba yule ni mtu.

Steringi Hafi
Steringi hapaswi kupuliza mkono.

Mzee wa Mbagala
Nyote mmesahau Jet Li wa Fist of Legend, 1994. Na yule Mthai wa Ong-Bak, 2003, bila kamba wala kompyuta, magoti kichwani. Tulipoionyesha kibandani watu walitaka irudishwe nyuma mara tatu, nikawatoza tena.

Jirani wa Wakaliga
Mzee umenikumbusha mbali. Huku Kampala mtangazaji wa muvi anaitwa VJ, na kitongoji chetu hatukusubiri Hong Kong. Mwongozaji wetu Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa bajeti ya mfukoni, mateke yamo, helikopta za kompyuta zimo, na VJ anapiga kelele ndani ya muvi yenyewe. Mwende mkaione.

Teke la Kigogo
Nimeiona hiyo, nilicheka nikaanguka kitini. Wakuu, mrejesho: jamaa wa akaunti nimemwambia asubiri. Amekasirika, sasa anasema elfu 25. Mashine nimeipeleka kwa fundi, amenambia nirudi Alhamisi. Sifu nimeitazama video yake, inanivuta, lakini wadogo zangu wanataka Tekken. Bado nawaza. Wakati nasubiri nimewasha deki, naangalia Bloodsport. Swali: yule adui mwenye kifua kama kabati ndiye yule wa Enter the Dragon?

Fundi Analogi
Ndiye. Bolo Yeung.

Teke la Kigogo
Na ndiye Tong Po wa Kickboxer?

Msee wa Kayole
Hapana. Tong Po ni Michel Qissi, rafiki wa utotoni wa Van Damme. Alipakwa tu rangi na kufungwa kisuko.

Teke la Kigogo
Acha utani.

Msee wa Kayole
Tafuta mwenyewe mtandaoni.

Ngoja Waje
Mimi nilibishana na kaka yangu juu ya hilo, nilisema si Bolo, akanipiga mbele ya watu. Ngoja nimpigie simu.