Nyumba ya Houston: niuze kabla ya Agosti au niendelee kupangisha?

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tulinunua nyumba Houston, Texas (Marekani), 2016. Agosti 2023 kazi ikatuhamishia Ohio, nyumba tukampangisha Mkongo mmoja, mstaarabu, hajawahi kuchelewesha pango hata siku moja.

Kinachoniumiza kichwa ni kodi. Texas haina kodi ya mapato, hivyo serikali za mitaa huko zinategemea sana kodi ya majengo. Tulipokuwa tunaishi humo, thamani inayotozwa kodi haikuruhusiwa kupanda zaidi ya 10% kwa mwaka. Tulipohama, kinga hiyo tukaipoteza. Sasa kikomo ni 20%, nacho sheria ilikiweka hadi mwisho wa 2026 tu. Ukijumlisha na bima (pwani ile na vimbunga vyake!), pango karibu lote linaishia huko.

Upande wa kodi ya serikali kuu ya Marekani: wanandoa wakiuza nyumba waliyoishi angalau miaka 2 kati ya 5 iliyopita, faida hadi dola 500,000 haitozwi kodi. Kile nilichokuwa nakata kwenye mapato ya pango kama uchakavu wa nyumba, ili kodi ipungue, bado nitakilipia kodi nikiuza, sawa. Ila kwetu muda unaisha Agosti 2026, na mkataba wa mpangaji unaisha Desemba.

Mama yupo Tanga, kasema nyumba haiuzwi. Yeye hajaona bili zangu.

Kuna aliyeuza mpangaji akiwa bado ndani? Bei ilishuka sana? Au ulimlipa aondoke mapema, na mlikubaliana vipi?