KernelShark, Trace Compass au Perfetto kwa seva inayokwama?

Mtunzaseva: Wakuu, seva yetu ya hifadhidata husimama karibu nusu sekunde kisha huendelea kama kawaida, ilhali top, programu ya kuonyesha matumizi ya prosesa, inaonyesha prosesa zina nafasi tele. Tunatafuta zana moja ya kuchora matukio ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji), ambayo timu nzima itajifunza. Kati ya hizi tatu, mngechukua ipi?

Kerneli_Kwanza: Hujataja toleo la kerneli, wala kama mashine ni yenu au ya kukodi, na jibu linategemea hayo. Mimi ningeanza na KernelShark. Ftrace, kirekodi cha matukio ya kerneli, imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.27 la mwaka 2008, amri ya trace-cmd huhifadhi rekodi zake ili KernelShark izichore, na ukiwasha sched_switch na sched_wakeup pekee (matukio ya kubadilisha kazi na kuiamsha) utaona kila prosesa inaendesha kazi ipi, na ipi imeamshwa lakini bado haijapewa zamu.

BintiDiski: Kwa hifadhidata naitetea Trace Compass, kwa kuwa LTTng, kirekodi ambacho Trace Compass husoma faili zake, hurekodi kerneli pamoja na programu yenyewe, nawe ukayasoma yote katika mstari mmoja wa muda. Ila usiwashe kila tukio. Mahali nilipofanya kazi zamani, msimamizi aliamuru kila kitu kirekodiwe wakati wa shughuli nyingi, na faili likaandikwa kwenye diski ileile ya hifadhidata. Foleni ya uandishi ikarefuka, wateja wakalalamika, bafa (kumbukumbu za muda) zikajaa hadi matukio yakadondoshwa, na tulipofungua mchoro tukakuta ucheleweshaji mwingi umeletwa na urekodi wenyewe.

Pwani_Dev: Perfetto. Kivinjari kinatosha kusomea, na kwa SQL, lugha ya kuulizia data, utauliza kazi zipi zilisubiri zaidi.

Kerneli_Kwanza: Yaani upeleke data za seva kwenye tovuti ya watu?

Pwani_Dev: Hapana, ndugu. Faili huchakatwa ndani ya kivinjari chako, na haliondoki usipochagua kulishiriki.

Mtunzaseva: Kerneli ni 5.15, mashine ni ya kukodi, prosesa nne.

Kerneli_Kwanza: Basi tazama kwanza safu ya st (muda ambao mashine yenu ilisubiri prosesa halisi) katika top. Ikiwa mwenye mitambo anawanyima zamu, hakuna zana kati ya hizi, ikiendeshwa ndani ya mashine yenu, itakayoonyesha nani aliyeichukua.

BintiDiski: Na st ikiwa sifuri? Diski za kukodi nazo mara nyingi huwekewa ukomo wa maombi kwa sekunde. Rekodi block_rq_issue na block_rq_complete (ombi kupelekwa kwa diski na kukamilika), kisha utuambie pengo kati yake likoje seva inaposimama.