Kuzuru makanisa ya Mtwara na Lindi na kuyaandika: nipange vipi?

Mpita_Njia
Habari wakuu. Nataka kuhudhuria ibada za madhehebu tofauti kati ya Mtwara na Masasi, kisha niandike makala moja kwa kila kanisa. Nina wikiendi mbili na nasafiri kwa basi. Nianzie wapi, na nichunge nini nisiwakwaze waumini?

Mwana_Lukuledi
Karibu Kusini, ndugu. Basi la Mtwara–Masasi linapita Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao na Ndanda, kwa hiyo historia nyingi utaikuta barabarani. Wiki ya kwanza baki Mtwara mjini: Jumamosi nenda kwa Wasabato, Jumapili KKKT (Walutheri) au Wapentekoste. Wasabato wanaanza na Shule ya Sabato, watu wakijadili somo katika vikundi, ndipo hubiri lifuate. Ukifika wakati wa hubiri umekosa nusu ya ibada.

Wiki ya pili fika monasteri ya Katoliki ya Ndanda Ijumaa mchana uwahi Masifu ya Jioni (sala ya jioni). Wamonaki Wabenediktini wanaimba zaburi kwa kupokezana pande mbili, taratibu, na wanatulia kidogo katikati ya mstari. Kaa nyuma, usiwatangulie. Malazi uliza kabla ya kusafiri. Na tafadhali usiiandike Ndanda peke yake. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, misheni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto, na askofu wao, Cassian Spiss, akauawa akiwa safarini kuelekea Liwale. Ndanda ilianzishwa 1906, mwaka mmoja tu baadaye. Msomaji asipolijua hilo, ataona majengo mazuri tu.

Jumamosi endelea hadi Masasi, Jumapili uwe kanisa kuu la Anglikana.

Padre_Mstaafu
Hapo Masasi ndipo waandishi wengi wanapoteleza. Wanaona ubani, mishumaa na mavazi, wanasikia watu wakisema "Misa" na "padre", wanaandika kuwa ni Katoliki. Ni Anglikana wa mapokeo ya UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza. Askofu Edward Steere alifika mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, na dayosisi ilizaliwa 1926. Soma kibao cha nje, halafu muulize mzee wa kanisa. Askofu wa kwanza, Vincent Lucas, anajulikana kwa kuingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Ukitaka makala yenye uzito, waulize wazee kuhusu hilo kuliko kupima urefu wa mnara.

Komunyo: kwa Wakatoliki, kama wewe si Mkatoliki, usiingie kwenye mstari. Baki kwenye benchi, hakuna atakayekushangaa. Kwa Anglikana na KKKT muulize mchungaji au padre kabla ya ibada kuanza, kwa sababu wakati wa Meza ya Bwana hana nafasi ya kukujibu.

Dada_wa_Kwaya
Naongezea. Wakati wa matangazo wageni huombwa wasimame. Jina, unakotoka, kanisa lako, basi. Kwa Wakatoliki anza na "Tumsifu Yesu Kristo", watajibu "Milele amina". Kwa Walutheri na Wapentekoste ni "Bwana Yesu asifiwe".

Sadaka inaweza kupita zaidi ya mara moja, kwa hiyo beba hela iliyochenjiwa. KKKT wana mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka baada ya ibada. Usiondoke mapema, maana pale ndipo usharika unapoonekana ulivyo. Simu izime, na picha uombe ruhusa kabla. Wakati wa mageuzo, yaani mkate na divai vinapowekwa wakfu, usipige kabisa. Watoto na watu wanaoombewa usiwaweke mtandaoni: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu imani ya dini kuwa taarifa nyeti.

Mpita_Njia
Asanteni sana. Na nikitaka kigango cha kijijini (tawi dogo la parokia ya Katoliki) badala ya parokia yenyewe?

Mwana_Lukuledi
Muulize paroko ratiba kwanza. Padre huzungukia vigango kwa zamu, na Jumapili asipokuwepo katekista anaongoza Ibada ya Neno. Ukiandika "Misa ilikuwa fupi" umekosea, maana haikuwa Misa. Nenda na mwenyeji anayejua njia, na epuka masika, kwani barabara nyingi za vijijini zinateleza na bodaboda hazifiki. Msimu wa korosho unapitika, ila mabasi hujaa, kata tiketi siku moja kabla.